Chupa ya Kumi na Nne

Fomu ya chuo kikuu ilikuwa na visanduku ishirini na viwili. Ishirini na kimoja nilivijaza bila shida: tarehe, saa, hali ya hewa, rangi ya maji, harufu, umbali wa choo, umbali wa zizi, idadi ya nyumba zinazochota. Kilichonishinda ni kile cha pili kutoka juu. Jina la mwenye chemchemi.

Mwenye chemchemi ni baba mkwe wangu. Katika nyumba hii ya Kibukusu niliyoolewa, mke hatamki jina la baba mkwe wala haliandiki. Si sheria ya serikali, na hakuna aliyenisomea siku ya harusi. Ni jambo unalolikuta, kama unavyokuta mlango unafungukia ndani. Miaka kumi na mitatu nimemwita Mzee. Fomu za shule zikiuliza jina la babu, naziacha mezani mpaka mume wangu arudi kutoka Kitale anakofanya kazi. Kitambulisho changu kina jina la baba yangu mzazi wa Kamukuywa, na hilo limenipunguzia taabu.

Kwa hiyo niliandika: Kwa Mzee. Chupa namba kumi na nne. Nikavuka kijito juu ya ubao, nikachota katika chemchemi ya jirani yetu Ngari, chupa namba kumi na tano, na huko nikaandika vile tunavyopaita nyumbani siku zote: Ng'ambo. Kile kifaa cha kuonyesha mahali tulichopewa na chuo kilikuwa kinakosea kwa mita themanini siku ya mawingu, na chemchemi hizi mbili zimeachana kwa mita sitini tu. Nilipanga chupa kwenye sanduku la barafu, nikazifikisha maabara ya Kitale kabla ya saa saba mchana. Hiyo ilikuwa Novemba. Nina diploma ya maendeleo ya jamii, na hiyo ndiyo kazi waliyonipa: kuchota, kuandika, kupeleka.

Wiki mbili baadaye Tonny, karani wa kompyuta pale maabara, alinipigia simu.

"Sasa madam. Hii yako ya kumi na nne, 'Kwa Mzee', ndiyo ile ya Mzee?"

"Ndiyo ya Mzee."

"Sawa bana. Hiyo imeisha."

Nilikuwa nakamua. Niliweka simu mfukoni nikaendelea na ng'ombe.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa kujua mahindi yetu yanafanya nini kwa maji yaliyo chini ya ardhi. Sisi wa huku Naitiri hatukujali sana sehemu hiyo. Tulichosikia ni kwamba chemchemi itakayoonekana safi kuliko zote, kaunti itaijengea tenki na kuvuta bomba mpaka kwenye nyumba mia mbili. Mzee ni mwenyekiti wa kamati ya maji. Amelingoja hilo tenki tangu mama mkwe wangu akiwa hai, na alitaka liandikwe jina lake.

Afisa wa afya ya umma, Bwana Kipkorir, alifika kwetu Jumatano mchana katikati ya Februari, na pikipiki na bahasha ya kahawia. Mzee alikuwa ameenda sokoni kuchukua kibao cha tenki, alichokuwa ameagiza kwa mchoraji kabla hata ya matokeo. Nikampa mgeni chai na viazi vitamu.

"Mama, hongera," akasema. "Maji yenu ndiyo safi. Kesho saa nne tuna baraza pale shule. Tunazindua hii yenu, na ile ya jirani tunaiziba kwa simiti."

"Mnaiziba ya Ngari?"

"Ile ni sumu. Si ni wewe ulichota? Jionee."

Nikaona. Chupa ya kumi na nne, nitrati mia moja na kumi na nane. Chupa ya kumi na tano, tisa. Chini ya jedwali palikuwa na maelezo kwamba mwisho unaoruhusiwa ni hamsini. Mbele ya kumi na nne paliandikwa "Mzee Ngari". Mbele ya kumi na tano paliandikwa jina lile ambalo siliandiki.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikaenda chumbani nikatoa daftari langu la kazi. Kumi na nne, saa moja na dakika kumi asubuhi, nyumbani, zizi liko juu ya chemchemi, hatua thelathini. Kumi na tano, saa moja na dakika arobaini na tano, ng'ambo ya kijito. Sikuwa nimechanganya chochote. Aliyechanganya ni Tonny, na nilimwelewa mara moja. Orodha ya kaunti ina majina mawili upande huu. Moja linaanza na neno Mzee, kwa sababu Ngari alijiandikisha hivyo mwenyewe zamani. Lingine halina. Tonny alikuwa na chupa ya Mzee, akaitafutia Mzee, akampata, na ile ya Ng'ambo akaipa jina lililobaki.

Nikarudi sebuleni.

"Hii nitrati ni ya nini?"

"Ya mbolea na samadi. Inashuka na mvua."

"Ukichemsha inaisha?"

"Hapana. Ukichemsha maji yanapungua na yenyewe inabaki, kwa hiyo inazidi. Mtu mzima haimsumbui sana. Shida ni mtoto wa chupa, chini ya miezi sita. Inazuia damu kubeba hewa. Anageuka rangi hapa." Akagusa midomo yake.

Chumba cha pili alikuwa amelala mtoto wa Lenah, mwenye miezi mitatu na nusu. Lenah ni mke wa shemeji yangu. Yeye ni mtumishi wa serikali huko Bungoma mjini, na likizo yake ya uzazi ilikuwa imeisha wiki tatu zilizopita. Asubuhi ananiachia mtoto, chupa mbili na kopo la maziwa ya unga. Maji ya kuyakorogea nachota pale chini kwetu. Nayachemsha dakika kumi kwa moto mkali, vile nilivyowafundisha wanawake wa kata hii yote, na nikawakaripia waliokuwa wavivu.

"Afisa," nikasema, "kuna makosa hapa. Zimebadilishana. Kumi na nne si ya Ngari."

"Ni ya nani?"

Mlangoni pakaingia giza. Mzee alikuwa amesimama na kibao mikononi, kimefungwa gazeti.

"Nini ni ya nani?" akauliza.

Kipkorir alinitazama, Mzee akanitazama. Mimi nikachukua birika.

"Naongeza chai," nikasema.

Nilijichukia mpaka jikoni. Niliporudi afisa alikuwa amevaa kofia yake ya pikipiki, ana vijiji vingine vitatu vya kupitia kabla ya jioni. Nikamfuata mpaka kwenye lango, lakini Mzee alikuwa kati yetu akimsindikiza, amemshika mkono jinsi anavyowashika wageni asiotaka wamtoroke.

Pikipiki ilipokata kona nilimwambia. Mimi si mtu wa kuzunguka.

"Mzee, ile chupa yenye sumu ni yetu."

Alikuwa anafuta kibao kwa mkono wa koti. "Karatasi inasema nini?"

"Karatasi imekosea."

"Karatasi ya chuo kikuu, na muhuri, imekosea. Na wewe wa diploma ndiye uko sawa."

"Mimi ndiye nilichota."

"Na uliandika nini?"

"Niliandika Kwa Mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. "Na Ngari si mzee? Yule ako na miaka sabini na sita, mama. Uliandika ukweli mtupu."

"Mtoto wa Lenah anakunywa hayo maji."

"Baba yake aliyanywa. Mume wako aliyanywa. Wote walisimama jando na hakuna aliyepepesa jicho."

"Wakati huo hatukutia mbolea kila msimu. Na zizi lilikuwa kule chini."

"Zizi nilihamisha mimi, kwa mikono yangu, ng'ombe wasikanyage matope."

"Najua, Mzee. Ndiyo maana nasema."

Akakilaza kibao juu ya meza polepole. Herufi zilikuwa za bluu, nzuri, bado zinanuka rangi. Nilitazama pembeni ili nisilisome hata kwa macho.

"Kesho ukitaka kusema, simama useme," akaniambia, tena kwa upole. "Sitaki watu waseme nilimfunga mke wa mwanangu mdomo. Waambie si ya Ngari. Watakuuliza, basi ni ya nani?" Akatabasamu. "Utataja nani, mama?"

Akaenda kutafuta misumari.

Mtoto akaamka akitaka chupa. Nilimwaga maji yote ya birika na ya sufuria, nikamkagua midomo, kucha na ulimi kama mtu anayenunua kuku sokoni. Alikuwa mzima, ana hasira ya njaa tu. Nikamfunga mgongoni, nikachukua mtungi wa lita tano, nikavuka ubao.

Wakonyo, mke wa Ngari, alikuwa amekaa juu ya jiwe karibu na bomba lao kama mlinzi wa benki. Ni mkubwa kwa umri kuliko mama yangu. Mimi humwita Mama Ngige, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Ha! Leo wenye tenki wanachota sumu?" akaniambia. "Au huko kwenu mmekosa ladha?"

"Shikamoo, Mama Ngige."

"Shikamoo hailipi. Kesho wanatuziba na simiti. Tulikuja hapa mwaka wa sitini na tisa, tukachimba hii kwa jembe, na bado nyinyi mnatuita wa kuja. Sasa ati tunaua watu. Ngari hajaonja kitu tangu afisa atuambie asubuhi, ameangalia ukuta."

"Maji yenu ni safi."

"Hiyo najua mimi. Nani mwingine anajua?"

"Mimi. Karatasi zilibadilishana. Ile chafu ni ya kwetu."

Akanipokonya mtungi, akauweka chini ya bomba mwenyewe.

"Na kesho utasema?"

"Nitasema."

"Kwa mdomo ama kwa kikohozi? Nyinyi mabibi wa upande ule nimewasikia miaka hamsini. Mkifika kwa lile jina mnakohoa, mnaangalia kuku, mnasema 'yule wa pale'." Akasonya. "Sisi jina la babu tunampa mjukuu, halafu tunashinda tukipiga kelele: Ngari, toka kwa matope! Ngari, futa kamasi! Na mzee mwenyewe amekaa hapo anasikia. Hajawahi kufa."

"Huko ni kwenu."

"Ndiyo. Na hii ni simiti." Akanipa mtungi. "Chota na wa kesho, bibi ya watu. Kesho saa tano hakutakuwa na kitu hapa."

Hapo ndipo nilipoelewa nimesimama wapi. Hizi mbili ndizo chemchemi pekee ambazo hazikauki Februari. Kisima cha sokoni kina foleni ya tangu alfajiri na mara nyingi pampu imekufa. Wakiziba ya Ngari, bomba la tenki likavutwa kutoka kwetu, kila mtoto wa chupa katika nyumba mia mbili atakorogewa maziwa kwa maji ya Mzee, yamechemshwa vizuri na mama mwenye bidii, kama nilivyomfundisha.

Nilimpigia Tonny nikiwa bado kwenye njia.

"Ai, madam. Pole sana. Lakini data imefungwa. Anayefungua ni Daktari Jerono pekee, na ako safarini mpaka Jumatatu."

"Simiti inamwagwa kesho."

"Basi mwambie huyo afisa hapo hapo. Aliyechota akisema mbele ya watu na ikaandikwa, Daktari atakubali. Wenye chemchemi hawahesabiki, kila mtu atasema yake ni safi. Ni aliyechota. Lakini useme jina lenyewe, vile liko kwa orodha ya kaunti. Usituletee 'Kwa Mzee' tena, tafadhali, unaona vile imetuchoma."

Kisha nikampigia mume wangu. Alikuwa kazini, bohari ya mahindi huko Kitale, nilisikia magunia yakitupwa.

"Umeambia nani?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Mzee. Na Mama Ngige."

"Ulimwambia Mama Ngige kabla yangu?"

"Nilienda kuchotea mtoto maji. Ningesema nimefuata nini, upepo?"

"Mama Wekoye." Ndivyo ninavyoitwa hapa, kwa mwanangu wa kwanza. "Hiyo nyumba unalala imejengwa kwa shamba la nani?"

"La Mzee."

"Amenikatia kipande changu na kunipa karatasi yake?"

"Bado."

"Basi. Mtoto mchotee sokoni. Na umwambie Lenah achote sokoni."

"Na wale wengine?"

"Wale wengine wana mama zao."

Si mtu mbaya. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu aliyebebeshwa gunia na bado hajaonyeshwa pa kulitua. Nami nilipima. Nikifukuzwa hapa, Kamukuywa hakuna pa kurudi: kaka zangu wamegawana shamba la baba mpaka kizingitini. Watoto wangu watatu wako shule hapa. Mbele ni Mzee, nyuma ni kaka zangu.

Lenah alirudi saa kumi na mbili jioni na viatu mkononi. Nilimwambia kabla hajakaa. Alimchukua mtoto, akamvua nguo zote, akamgeuzageuza dirishani, na machozi yakimtoka.

"Useme, dada," akaniambia. "Haki useme."

"Simama na mimi."

"Nikiwa nani? Mimi sikuchota. Na hata mimi siwezi kulitaja, unajua." Akamweka mtoto titini. "Wewe ulianza kazi na hao watu wa chuo. Mimi nilikuwa na mimba tu."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikapika ugali.

Asubuhi baraza lilijaa mapema. Kiwanja cha shule kilikuwa na viti vya plastiki mbele kwa wakubwa, na nyuma watu walikalia nyasi. Kibao kilikuwa kimeegemezwa mezani, kimefunikwa leso. Upande wa pili, kando ya ua unaotenga shule na shamba la Ngari, palikuwa na mifuko minne ya simiti na sepetu mbili, na Ngari amesimama karibu navyo na kofia mkononi kama mtu aliyefika kwenye mazishi yake mwenyewe. Wakonyo alikuwa nyuma yake. Mimi nilikaa safu ya pili na mtoto wa Lenah mgongoni, kwa sababu Lenah alikuwa amepanda gari la Bungoma saa kumi na mbili kamili.

Kipkorir alisoma matokeo. Aliposema mia moja na kumi na nane watu waliguna, na mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake mbali na mguu wa Ngari. Aliposema tisa, walipiga makofi. Mzee aliinuka nusu, akapunga mkono, akakaa.

"Kuna swali?" akauliza naibu wa chifu. Yeye na Mzee walitahiriwa msimu mmoja. Alishaanza kufunga daftari.

Nikasimama.

"Si swali," nikasema. "Mimi ndiye niliyechota hizi chupa mbili. Ziliandikwa kinyume kule Kitale. Chupa chafu si ya Mzee Ngari."

Kelele ikazuka. Ngari alipiga hatua mbele. "Nilisema! Nilisema tangu jana! Ni ya huyu hapa, huyu amekaa na kiti!"

"Wewe nyamaza," Kipkorir akamwambia. "Wewe ni mhusika. Kila mwenye chemchemi anasema ya mwenzake." Akanigeukia. Alikuwa amekumbuka swali lake la jana, niliona usoni mwake. "Mama, aliyechota ni wewe. Kumi na nne ni ya nani?"

"Ni ya nyumbani kwetu."

Mzee alikuwa wa kwanza kujibu, tena akicheka. "Kwao ni Kamukuywa. Afisa, labda wamepima maji ya huko."

Watu walicheka sana. Hata mimi ningecheka siku nyingine.

"Ni ya Mzee," nikasema.

"Mzee yupi?" akauliza mmoja nyuma. "Hapa hata mimi ni mzee!"

"Ya baba mkwe wangu."

Kipkorir alishika kalamu hewani. Yeye ni wa Kapenguria, hana habari na mambo yetu. "Mama, hii ni amri ya serikali. Siwezi kuandika 'baba mkwe'. Nipe jina kama liko kwa orodha."

Nilimtazama naibu wa chifu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilitazama safu za mbele, watu waliokula harusi yangu, kila mmoja analijua lile jina kama anavyolijua lake, na kila mmoja alikuwa amefunga mdomo akingoja kuona kama nitafanya. Wanawake waliokuwa karibu nami walikuwa wameinamisha vichwa. Mmoja wao, mwenye mtoto mchanga, alinivuta gauni taratibu ili nikae.

Mzee hakuwa anacheka tena. Aliegemea kiti. "Afisa anangoja, mama," akasema. "Taja."

Mtoto alijinyoosha mgongoni, akaguna sikioni mwangu. Saa ya chupa yake ilikuwa imefika.

"Mukhwana," nikasema.

Nilisikia bendera ya shule ikipiga mlingoti.

"Nani?" akauliza Kipkorir. "Sikushika. Mukwana?"

Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimejiandaa kulisema mara moja, kama mtu anayeng'oa jino, na kumbe jino lina mizizi.

"Mukhwana."

"Na k na h?"

"Na k na h."

"Hebu niandikie herufi, kuna Makwana pia hapa kwa orodha."

"M," nikasema. "U. K. H. W. A. N. A." Kila herufi niliitoa mbele ya kiwanja kizima, na Kipkorir akaziandika moja moja, bila haraka, akarudia kwa sauti kuhakikisha. Kisha akaniita mezani nitie sahihi. Pale mezani alinigeuzia karatasi, nikaliona limeandikwa kwa mkono wake, na kando yake nikaandika jina langu na namba ya kitambulisho.

Mzee alisimama. Sikumwona usoni. Alichukua kibao chake pamoja na leso, akakiweka kwapani, akapita katikati ya watu, nao wakampisha mpaka langoni.

Kipkorir alisema simiti haitamwagwa. Watoto wa chupa wasipewe maji ya chemchemi ya Mukhwana, zizi lihamishwe, zote mbili zipimwe tena baada ya masika, na mpaka hapo hakuna tenki kwa mtu yeyote. Mwisho huo ndio uliowauma watu. Nilimsikia mzee mmoja akisema tenki limemezwa na mdomo wa mwanamke. Ngari hakunishukuru. Alivaa kofia, akaenda kukagua kama mifuko ya simiti ilikuwa imevunja ua wake. Wakonyo alinipita akaniambia bila kusimama, "Saa moja mpaka saa mbili. Watoto wa chupa tu. Na mje na mitungi safi."

Nilirudi nyumbani nikampa mtoto chupa. Nilipika mchana, nikampelekea Mzee chakula chake kwenye kibaraza kama siku zote. Alikula. Hakuna mwingine wa kumpikia, na yeye si mtu wa kulala njaa kwa hasira. Kibao sikukiona tena.

Mume wangu alikuja Jumamosi. Hakuniuliza nitrati ni nini. Aliuliza, "Ulilisema mara ngapi?"

"Mbili. Na herufi."

Akakaa kitandani akavua soksi. Habari ya karatasi ya shamba hajaitaja tena, nami sijauliza.

Zizi bado liko palepale. Mzee anasema litahama wakati atakapopenda mwenyewe, na kila asubuhi anakwenda chini, anajaza kikombe katika chemchemi yake, anakunywa amesimama, akitazama dirisha langu. Kwa mtu mzima hakuna neno, afisa alisema.

Lakini amebadilisha kitu kimoja. Miaka yote aliniita mama, au Mama Wekoye, kama mtu anavyomwita mke wa mwanawe. Sasa ananiita Phelista. Analipaza jina kutoka kwenye kibaraza, lote, kama mtu anavyomwita mtumishi aliyemwajiri juzi. Phelista, leta maji ya kunawa. Phelista, huyu ng'ombe amekamuliwa? Majirani wanasikia mpaka ng'ambo. Watoto wangu wanainua vichwa kutoka kwenye vitabu, kwa sababu hawajawahi kusikia mtu wa nyumba hii akinitaja hivyo.

"Phelista!"

"Naam, Mzee," najibu, nikifunga mtoto mgongoni. Saa moja inakaribia, na ubao ule una umande asubuhi.